Salumbwe Yupo

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake siwezi kuwatajia kwa sababu wenyewe wamelibadilisha mara mbili tangu nilipoanza kuifuatilia habari hii. Ni nchi nzuri, yenye vilima, ukungu wa asubuhi, na serikali inayojali. Siku moja Mheshimiwa Rais wa nchi hiyo aliletewa taarifa kwamba wananchi wanaondoka. Wanafungasha, wanafunga milango, wanavuka mpaka, hawarudi. Rais alisikitika sana, akaagiza jambo hilo likome mara moja. Na takwimu, ambazo katika nchi ile ni tiifu kuliko askari, zilikoma kesho yake asubuhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeondoka. Wale waliokuwa wakiondoka waliendelea kuondoka, hilo ni kweli, lakini hakuna aliyeondoka.

Huko ndiko alikokwenda Nakijwa Mchome, mkunga kutoka Usangi, kwa mkataba wa miaka miwili katika Hospitali Kuu. Hospitali hiyo haikuwa na upungufu wa wakunga. Wakunga wake wote ishirini na sita walikuwepo, isipokuwa kazini.

Nakijwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane, mwembamba, mwenye hatua za haraka za mtu aliyezoea kuitwa akiwa anakula. Nyumbani alimwacha binti yake wa pekee, Nankondo, mwenye miaka tisa, kwa dada yake. Siku ya kuagana alimwambia, "Nikishatulia tu, nitakuita."

"Kutulia kunachukua siku ngapi?" mtoto aliuliza.

"Wiki mbili," alijibu mama. Alikuwa bado hajaiona nchi yenyewe.

*

Nyumba aliyopangishiwa ilikuwa Mtaa wa Mshikamano, jengo namba saba, ghorofa ya nne. Alipanda ngazi adhuhuri moja ya Jumatatu, sanduku begani, akafika mlangoni akihema. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa: O. SALUMBWE. Chini ya kibao alisimama mwanamke wa makamo, kilemba kimekazwa mpaka nyusi zimepanda, amekumbatia daftari kubwa kifuani kama mtu anayebeba kichanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Bi. Perusi, mjumbe wa ngazi. Kila mtu wa ngazi hizi yumo humu." Akaligonga daftari. "Karibu nyumbani."

"Asante. Lakini nadhani nimekosea mlango. Hapa pameandikwa Salumbwe."

"Hujakosea. Hapa ni kwa Salumbwe."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Nakijwa alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi ni mjane wa watu. Siwezi kukaa nyumba moja na mwanamume nisiyemjua."

"Hatakusumbua."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yupo."

"Nimeuliza wapi."

"Na mimi nimekujibu," alisema Bi. Perusi, akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja kikubwa, jiko dogo na choo. Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Kando ya kitanda palikuwa na malapa yenye alama za vidole vya miguu. Mezani palikuwa na redio iliyofunguliwa, nyaya zake zimemwagika nje kama matumbo ya samaki, na kando yake gilasi ya chai iliyokauka mpaka ikawa ngozi nyeusi. Juu ya vyote hivyo, vumbi.

"Bwana Obedi Salumbwe ni fundi redio," alieleza Bi. Perusi. "Ni mpangaji mtulivu kuliko wote katika jengo hili. Miaka mitano hajaniletea lalamiko hata moja."

Nakijwa alipitisha kidole mezani, akakitazama. "Mama, kwa vumbi hili, huyu mtu ameondoka."

Bi. Perusi aliufunga mlango haraka, akashusha sauti. "Neno hilo, binti, hapa kwetu tunalitumia kwa mvua. Tunasema mvua imeondoka. Kwa watu hatulitumii."

Kisha akampa taratibu. Koti lisiguswe. Malapa yasisogezwe. Nusu ya kabati upande wa kushoto ni ya Bwana Salumbwe. Kila Alhamisi saa kumi jioni wakazi wote wanahesabiwa uani, na kwa kuwa Bwana Salumbwe ni mtu wa haya, mpangaji mwenzake atamwitikia.

Alipobaki peke yake, Nakijwa alisimama katikati ya chumba. Alilisogeza sanduku lake dirishani, akalirudisha mlangoni, akaliweka tena katikati, na hapo likabaki bila kufunguliwa. Alikivuta kitanda akakiweka ukuta wa pili, akahisi kama koti linamtazama, akakirudisha kilipokuwa. Mara nne alifanya hivyo kabla jua halijazama. Jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na kesho yake alimsalimia kwa heshima: "Mwambie Bwana Salumbwe asiwe anahamisha vitu."

*

Ili kumleta mtoto, Nakijwa alihitaji Cheti cha Kutulia, na cheti hicho hutolewa na Idara ya Kuwepo. Idara ina jengo la ghorofa tisa, ambalo ndilo kubwa kuliko yote mjini, maana kuthibitisha kuwa watu wapo ni kazi nzito hasa wanapokuwa wachache.

Alipokewa na Bwana Tindwa, Afisa Kuwepo Daraja la Pili, mtu mdogo mwenye adabu, aliyekuwa na mihuri miwili mezani na kitambaa cha kuifutia. Alimpa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: *Je, umetulia?* Na chini yake visanduku viwili: *Ndiyo* na *Ndiyo sana.* Swali la pili: *Unapolala, unalala?* La tatu: *Unapotazama dirishani unatazama nini, na kwa ajili gani?*

Nakijwa aliandika kwamba anatazama barabara, kwa sababu ndiyo iliyopo.

"Barabara," Bwana Tindwa alisoma kwa masikitiko. "Barabara inakwenda mahali, bibi mkunga. Andika ukuta."

Aliandika ukuta.

"Vizuri. Sasa, kuhusu kumleta binti yako, hatuna kipingamizi. Serikali inapenda watu waje. Kinachohitajika ni ridhaa ya mkuu wa kaya."

"Mkuu wa kaya ni mimi."

Bwana Tindwa alifungua jalada. "Mkuu wa kaya ni Obedi Salumbwe. Yeye ndiye wa kwanza kuandikishwa. Wewe ni mpangaji mwenza. Atie sahihi hapa tu, ya kwamba hachukii watoto."

"Bwana afisa," alisema Nakijwa kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kwa wajawazito wanaokataa kusukuma, "Salumbwe hayu..."

Bwana Tindwa aliinua mkono upesi. Foleni nzima iliyokuwa nyuma ya Nakijwa ilikohoa kwa pamoja. Palikuwa na mwanamke aliyeshika viatu vya mumewe, mzee aliyebeba mto wa mwanawe, na msichana aliyekuja na kiti kizima kichwani.

"Kila Alhamisi ni nani anayemwitikia?" aliuliza Bwana Tindwa kwa upole.

"Tangu nifike, ni mimi."

"Basi mwenye sauti yake ndiye mwenye mkono wake." Akamsogezea kalamu.

Nakijwa aliitazama kalamu. Alimfikiria mtoto wake, ambaye kila wiki alikuwa akiuliza zimebaki siku ngapi. Akatia sahihi: *O. Salumbwe.* Alishangaa jinsi lile *S* lilivyomjia kwa urahisi, lina mkia mzuri, kama mtu aliyeliandika maisha yake yote.

*

Basi, akingojea cheti, akaishi na Salumbwe.

Alhamisi walijipanga uani, Bi. Perusi akasoma daftari. "Salumbwe!" Na Nakijwa akaitika, "Yupo!" Mara ya kwanza masikio yalimwaka moto. Mara ya tatu hayakuwaka. Aligundua kwamba katika jengo lile lenye wakazi tisini na mmoja, waliosimama uani walikuwa thelathini na wawili, na hakuna aliyekaripiwa. Mzee Kulola wa ghorofa ya kwanza aliitikia watu saba kwa sauti saba, moja ya kike na moja yenye kikohozi, na akimaliza alikuwa akiketi chini kupumzika kama mtu aliyelima.

Salumbwe alichaguliwa mjumbe wa kamati ya usafi, kwa kuwa hakuwa na mpinzani wala takataka. Nakijwa alihudhuria vikao kwa niaba yake. Alijulishwa kwamba Salumbwe anapendelea ngazi zifagiliwe mara mbili kwa wiki, akazifagia.

Lakini kutulia hakutulia. Akiwa hospitalini alitaka kurudi nyumbani, na akifika nyumbani alikunja na kukunjua nguo zile zile. Alipika, akala amesimama. Alifungua kabati akafunga. Mashati ya Salumbwe yalikuwa matano, kola zake zimegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono na mtu mwenye subira. Nakijwa alijikuta akiujua ule ushonaji kama anavyojua mwandiko wa dada yake. Wakati mwingine alikuwa akilipita lile koti na kusema "samahani".

Jumapili alimpigia simu Nankondo.

"Mama, umeshatulia?"

"Karibu, mwanangu."

"Unakaa na nani?"

"Na Bwana Salumbwe."

"Ni mzuri?"

Nakijwa alilitazama koti. "Ni mkimya."

"Na mimi nikija, ataongea na mimi?"

Nakijwa alianza kuzungukazunguka chumbani na simu sikioni, mlangoni dirishani, dirishani mlangoni, mpaka mtoto akauliza, "Mama, mbona unakimbia?"

*

Mwezi wa tatu serikali ilitangaza Wakazi Bora mia mbili wa taifa. Vigezo vilikuwa vikali: mtu asiye na kelele, asiye na lalamiko, asiyezurura, asiyeuliza. Obedi Salumbwe alishika nafasi ya kwanza.

Mheshimiwa Waziri wa Kuwepo, Dakta Mhandisi Hezroni Bulaya, alikuja mwenyewe kumpa nishani nyumbani kwake. Kabla hajafika, vijana wa itifaki walikuja wakalitoa koti msumarini kwa vidole viwili kila upande, wakakivika kiti, wakaweka malapa chini ya kiti. Gilasi ya chai waliifikiria sana, wakaiacha. Nakijwa aliambiwa asimame nyuma ya kiti, uso wake uoneshe kuzoea.

Waziri aliingia na wapiga picha wanane. Alisimama mbele ya koti, akalitazama kwa muda, macho yakamlowa.

"Ndugu Salumbwe!" alisema. "Nimekutana na wananchi wengi. Wakiniona wanasimama, wanapiga vigelegele, halafu wanaanza: Mheshimiwa, maji, Mheshimiwa, dawa, Mheshimiwa, barabara. Wewe umeniona na umenyamaza. Miaka mitano hujauliza maji. Hujauliza umeme. Hujauliza walikokwenda wenzako. Ndugu zangu waandishi, andikeni: laiti kila raia angekuwa kama huyu, nchi hii isingekuwa na tatizo hata moja!"

Walipiga makofi. Waziri alilibandika koti nishani, akaushika mkono wake wa kushoto na kuutikisa. Mkono ulikunjika. "Mnyenyekevu!" alinong'ona Waziri, na wapiga picha wakaifurahia sana picha hiyo.

Kesho yake ilikuwa ukurasa wa kwanza wa gazeti. Kurasa nne za ndani zilijaa majina ya Wakazi Bora wote mia mbili, na kwa kuwa serikali ile haina la kuficha, yaliwekwa pamoja na anwani zao: mtaa, jengo, ghorofa na namba ya mlango. Wataalamu walishauri hivyo ili watu waone kwa macho yao kuwa wenzao wapo. Hakuna mtaalamu aliyefikiria kuwa kuna watu watakaokwenda kuona.

Nakijwa naye hakusahauliwa. Kwa kumlea vizuri Mkazi Bora, alipewa Cheti cha Kutulia chenye utepe, na ruhusa ya Nankondo kuingia nchini ikapigwa mihuri yote miwili. Mtoto angefika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nakijwa alinunua kitanda kidogo, shuka la maua na ndoo nyekundu ya kuogea, akavipanga, akavipangua. Sanduku lake bado lilikuwa katikati ya chumba.

*

Ijumaa, siku nane kabla ya mtoto kufika, saa tisa alasiri, mlango uligongwa.

Alikuwa bibi mmoja, mfupi, miguu imejaa vumbi la njia, kikapu mkononi na gazeti limekunjwa kwapani. Alikuwa ameshavua viatu vyake nje, kama mtu anayefika kwake.

"Hodi hapa. Ndipo kwa Obedi?"

Bibi alikwishaona kibao.

"Ndipo. Mimi ni Tamari, mama yake. Natoka Kibwego, nipo njiani siku ya tatu leo. Wewe ndiye mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Mimi ni mpangaji tu. Karibu."

Bibi Tamari aliingia taratibu, akitazama kila kitu. Aliliona koti kwenye kiti na nishani yake, akacheka kidogo. "Hili nilimnunulia mimi. Halijachakaa. Yuko wapi mwenyewe?"

Kabla Nakijwa hajafumbua mdomo, Bi. Perusi alikuwa mlangoni, daftari kifuani, anahema. Nyuma yake ngazini majirani walikuwa wamejitokeza, mikono imeshika vitasa vyao.

"Yuko kazini," alisema Bi. Perusi.

"Basi nitamngoja," alisema Bibi Tamari, akaketi kitandani. "Nimengoja miaka mitano, sitashindwa na jioni moja."

Nakijwa alikwenda jikoni akabandika chai. Alirudi kuuliza sukari, akasahau kuuliza. Alikwenda tena jikoni, chai ilikuwa haijachemka, akarudi. Bi. Perusi alikuwa amesimama pale pale kama mlinzi. Bibi Tamari alitoa kikapuni viazi vitamu vilivyokaushwa na chupa ya samli, akavipanga mezani karibu na ile redio, kisha akalikunjua gazeti magotini.

"Sijui kusoma vizuri," alisema, "lakini jina la mtoto wangu nalijua. Mwalimu wa pale kijijini ndiye aliyenisomea yote. Unajua, binti, miaka mitano mimi sijapata barua. Salamu hakuna. Nilikwishaanza kumlilia kama marehemu. Nikawa nasema, angekuwa hai asingeninyamazia, namjua. Halafu naletewa gazeti: yupo. Yupo mjini, nyumba ile ile, mzima, anapewa nishani na Waziri." Alipitisha kiganja juu ya picha. "Watu wa Kibwego walinipongeza. Mimi nikaingia ndani nikajifungia. Nikajiuliza, nilimkosea nini? Yupo, na hakutaka kuniandikia hata mstari. Nimekuja kumwomba msamaha. Ila sikumbuki kosa. Njia nzima nimelitafuta."

Jikoni chai ilichemka ikamwagikia jiko.

"Mama," alisema Nakijwa.

"Bibi mkunga," alisema Bi. Perusi kwa sauti ya chini, "mtoto wako anafika Jumamosi ijayo. Lipime neno lako."

Nakijwa alilipima. Aliliona shuka la maua. Aliona ndoo nyekundu. Kisha akapiga magoti mbele ya yule bibi, kama alivyopiga mbele ya wanawake zaidi ya elfu moja, akaishika mikono yake yote miwili.

"Mama, Obedi hayupo."

Ngazini mtu alidondosha ufunguo.

"Hayupo hapa. Mimi sijawahi kumwona. Nimeikuta nyumba ina vumbi la miaka. Sahihi zake natia mimi, na Alhamisi naitika mimi. Aliondoka, mama. Aliondoka zamani."

Bibi Tamari alimtazama machoni kwa muda mrefu, kama anayesoma herufi moja moja.

"Hakuninunia?" aliuliza.

"Hakukununia."

"Basi kwa nini hakuandika?"

Na hapo sauti ilitoka mlangoni, nzito, ikikwaruza, mpaka watu wakageuka kutazama ni ya nani.

"Huenda aliandika," alisema Bi. Perusi. "Asubuhi ile alinipa ufunguo mimi. Akasema, mjumbe, nikifika nitamwandikia mama. Lakini barua za kutoka nje hazigawiwi. Posta walipewa waraka. Mtu aliye ndani hawezi kuandika akiwa nje, kwa hiyo barua hizo ni za uongo, zinachomwa Jumatano." Alilikaza daftari kifuani. "Labda aliandika nyingi."

Bibi Tamari alijifunika uso kwa gazeti, mabega yakamtikisika. Nakijwa alidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini ndani ya kilio kulikuwa na kicheko. "Aliandika," alisema nyuma ya picha ya mwanawe. "Aliandika, mtoto wangu. Hakuninunia." Kisha aliinuka, akakivua kiti lile koti ambalo miaka mitano halikuwa limeguswa na mkono wa mtu anayelipenda, akaing'oa nishani na kuiweka mezani kando ya samli, akaenda dirishani kulikung'uta. Vumbi lilishuka Mtaa wa Mshikamano kama moshi.

Bi. Perusi alipaswa kuripoti kabla ya saa kumi na mbili. Alifungua daftari, kalamu ikabaki hewani. Bibi Tamari, akikunja koti, alimtazama yule mama na kilemba chake kilichokazwa.

"Na wewe," alimuuliza, kama wanavyoulizana wanawake kisimani, "wako aliondoka lini?"

Miaka minne hakuna aliyewahi kumuuliza Bi. Perusi swali hilo. Alifungua mdomo kusema *yupo*. Mdomo ulikataa.

"Jumanne," alisema. "Adela, binti yangu. Alivaa sweta ya kijani. Hakunywa chai, maana tulikuwa tumegombana juu ya sahani." Aliketi kitandani, kando ya yule bibi, daftari likamteleza. "Sahani tu, mama. Haikuwa hata imevunjika."

*

Habari zilifika Idarani hata hivyo. Ngazi zina masikio mengi, na mojawapo linalipwa mshahara. Jumatatu Nakijwa aliitwa. Bwana Tindwa alikuwa amekonda kwa mwisho wa wiki mmoja tu.

"Bibi mkunga, umetuletea shida kubwa," alisema. "Umetangaza kwamba mtu hayupo. Tangazo hilo halina fomu. Nimetafuta ghorofa zote tisa. Siwezi kulipokea, siwezi kulikataa, siwezi hata kulichoma, maana halikuandikwa. Wasaidizi wangu wawili wameomba likizo."

"Basi andika fomu mpya," alisema Nakijwa.

Bwana Tindwa alicheka kwa woga, akavuta cheti chenye utepe kutoka mkononi mwa Nakijwa, akakigonga muhuri wa kukifuta kwa nyuma. Ruhusa ya mtoto nayo akaigonga. Sababu: *mwombaji ana wasiwasi usiotibika.* Mkataba wake wa kazi ulikuwa umekwisha tangu asubuhi ile. Kwa kuwa hakuna anayeondoka nchini, alipewa karatasi ya kijivu iitwayo Ruhusa ya Matembezi Marefu, inayoanza Jumamosi saa sita mchana, ikiwa na nafasi ya kujaza jina la mbwa, kama anaye.

Jioni alimpigia simu Nankondo. Alikuwa ameyapanga maneno, yakatawanyika.

"Mwanangu, usije."

"Hujatulia?"

"Sijatulia. Nimejaribu, nimeshindwa."

"Sasa itakuwaje?"

"Nakuja mimi. Jumatatu nitakuwa hapo. Utanisimulia yote ya shule, na mimi nitakueleza kwa nini. Utakasirika kidogo."

"Nitakasirika sana," alisema Nankondo. Halafu: "Njoo tu."

Na alirudi kweli, nawatoa wasiwasi. Jumatatu ile alikuwa Usangi, na mtoto alikasirika sana kama alivyoahidi, kwa siku mbili, huku amemshika mama yake kanga asimwachie. Ila kabla ya hapo palikuwa na Jumamosi.

*

Jumamosi asubuhi Nakijwa alikabidhi nyumba. Aliyeipokea alikuwa Bibi Tamari, aliyesema kwamba yeye haendi popote mpaka posta wamweleze habari za Jumatano. Hakuna aliyejua la kumfanya. Kisheria alikuwa mgeni wa Mkazi Bora, na Mkazi Bora hakuwa amelalamika.

Nakijwa alibeba sanduku lake ambalo miezi mitatu halikuwa limefunguka vizuri, akaanza kushuka. Saa zilikuwa zimebaki mbili basi liondoke. Alishuka upesi, kwa mazoea. Ghorofa ya tatu milango ilikuwa wazi. Ghorofa ya pili alisikia sauti nyingi zikitoka chini.

Mlango wa mbele wa jengo ulikuwa umejaa wanawake. Basi la wilayani lilikuwa limewashusha muda huo huo, wengine na vikapu, wengine na kuku, mmoja amebeba godoro, na kila mmoja kwapani ana gazeti lililokunjwa. Walikuwa wakisoma namba za milango kwa sauti, wakisaidiana herufi. Barabarani, mbele ya jengo namba tisa na namba kumi na tatu, palikuwa na wengine. Bi. Perusi alikuwa katikati yao, kilemba kimelegea, anawashika mmoja mmoja bega, anawauliza majina. Daftari hakuwa nalo. Mzee Kulola alikuwa ameketi ngazi ya chini kabisa, mbele yake mama mmoja amechuchumaa, na mzee yule mwenye sauti saba alikuwa akitafuta ya kwake.

Mwanamke mmoja mrefu, mwenye mtandio wa bluu, alimwona Nakijwa anashuka, akamsogelea. Alikuwa amevua viatu, ameviweka mkononi.

"Samahani, binti," alisema. "Wewe unaonekana mkazi wa hapa. Mwanangu anaitwa Yohanadi. Gazetini wameandika ghorofa ya pili, mlango wa kumi na moja. Miaka sita sijamwona. Yupo?"

Nakijwa aliutazama mlango, na basi lake lililokuwa likingoja ng'ambo ya barabara. Kisha akalishusha sanduku ngazini, akampokea yule mama viatu vyake.

"Keti kwanza, mama," alisema.